Jinsi ya kupima dai kwamba namba isiyo na mwisho ina kila mfuatano wa tarakimu

Mwanafunzi akija na habari kwamba pai (3.14159…, mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake) ina kila mfuatano wa tarakimu, namba yake ya simu ikiwemo, "kwa sababu haiishi wala haijirudii," mimi mwalimu wake wa hisabati simjibu ndiyo wala hapana. Tunaanza na hiyo "kwa sababu", maana ndiyo mbovu. Nawe anza hapo hapo.

Angalia kwanza kama tarakimu zinajirudia. 1/7 ni 0.142857142857… milele, na hutaona 3 hata moja humo. Zikijirudia, kazi imekwisha.

Zisipojirudia, ndipo wengi wanapoteleza. Chukua karatasi uandike 0.101001000100001…, kila mara ukiongeza sifuri moja kabla ya 1 inayofuata. Haiishi, haijirudii, wala huwezi kuiandika kama sehemu ya namba nzima mbili. Sasa itafute 2. Tafuta hata 11. Hazimo wala hazitakuja, kwa sababu kanuni iliyoizaa namba hiyo imezifungia nje. Mwanahisabati Joseph Liouville, katika karne ya 19, alitengeneza namba kali zaidi: weka 1 kwenye nafasi ya 1, ya 2, ya 6, ya 24, ya 120 (yaani 1, 1×2, 1×2×3 na kuendelea), kwingine kote sifuri. Kama ilivyo pai, namba hiyo si jibu la mlinganyo wowote wa kipolinomia wenye vizidishi vya namba nzima, yaani wa aina ya x² − 2 = 0. Na bado haina 2.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: namba hii imejengwaje? Hapa kuna mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 1933 D. G. Champernowne alizipanga namba nzima kwa zamu baada ya nukta: 0.123456789101112131415… Humu kila mfuatano umo, na unaweza kuonyesha ulipo. Namba za tarakimu moja zinachukua nafasi 9, za tarakimu mbili 180, za tarakimu tatu 2,700; jumla 2,889. Unatafuta mwaka 1964? Toa 1000, zidisha 964 kwa 4 upate 3,856, jumlisha na 2,889, kisha ongeza 1. Unaanzia nafasi ya 6,746, kama haujajitokeza mapema zaidi kwa namba mbili kugusana. Mfuatano ukianza na sifuri, kama 007, utangulizie 1 na utafute 1007. Fanya hesabu hii kwa mkono wako; ni uthibitisho kamili.

Pai haina mlango kama huo. Mwanahisabati Lambert alithibitisha kwamba haiandikiki kama sehemu ya namba nzima mbili, na mwenzake Lindemann, mwaka 1882, kwamba si jibu la mlinganyo wa aina ile niliyoitaja. Lakini umeona kwa Liouville kwamba sifa hizo hazitoshi. Émile Borel alionyesha mwaka 1909 kwamba ukiokota namba kwa bahati nasibu, uwezekano wa kuwa na kila mfuatano ni asilimia 100. Pai, hata hivyo, haikuokotwa. Mpaka leo hakuna aliyethibitisha hata kwamba 7 inatokea humo mara zisizo na idadi. Wanahisabati wengi wanaamini kila mfuatano umo, nami naamini hivyo. Ila ni imani tu.

Ukitaka kutafuta ndani ya pai kwa kompyuta, jua kwanza cha kutegemea. Tarakimu zikitawanyika kibahati, tarehe ya kuzaliwa yenye tarakimu 8 ina nafasi kama 63 kati ya 100 ya kuonekana ndani ya tarakimu milioni 100 za mwanzo. Kuikosa si ajabu: 123456789 yenyewe inaonekana mara ya kwanza kwenye nafasi ya 523,551,502. Ongeza hadi bilioni 1, na uwezekano wa kuikosa tarehe yako unashuka hadi kama mmoja kati ya 22,000. Ukiipata, umethibitisha kuhusu tarehe hiyo moja; ya ndugu yako itafutiwe yake.