Namna ya Kujenga Mfumo wa Pamoja wa Ramani na Data za Kijiografia Chuoni

Chuo kinachotaka idara zake za jiografia, mipango miji, uhandisi na afya ya jamii zitumie ramani kwa pamoja kianze kwa kuorodhesha data zilizopo, kabla hakijafikiria kununua seva. Kila faili liandikiwe aliyelikusanya, mwaka, kifaa kilichotumika na leseni yake. Data za OpenStreetMap (ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea), zikiwemo zile ambazo wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Ardhi walisaidia kuzikusanya katika mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, hutumika bure, ilimradi chanzo kitajwe na hifadhidata itokanayo nazo, ikitolewa hadharani, ibaki chini ya leseni ileile.

Hatua inayodharauliwa zaidi ni ya majiranukta, yaani namba zinazoonyesha mahali kitu kilipo. Ramani za zamani za Tanzania na Kenya zilichorwa kwa msingi wa vipimo (datum) uitwao Arc 1960, ilhali GPS hutumia msingi mwingine, WGS 84. Namba za msingi mmoja zikisomwa kana kwamba ni za mwingine, jengo huhama takriban mita 300, na kisima cha mtaa huu kikaonekana kiko mtaa wa pili. Kwa Dar es Salaam inafaa kuhifadhi kila kitu katika WGS 84, ukanda wa 37 Kusini wa UTM, mfumo unaogawa dunia katika kanda na kupima kwa mita (msimbo wake katika programu za ramani ni 32737), na data za Arc 1960 (msimbo 21037) zigeuzwe kwa programu, wala zisisogezwe kwa kukadiria kwa macho.

Hifadhi yenyewe iwe PostgreSQL, programu ya hifadhidata, yenye PostGIS, nyongeza yake ya data za ramani, ambayo watumiaji wataifikia kwa QGIS, programu ya kutazama na kuchora ramani. Zote ni za bure, na fedha inayookolewa iajiri msimamizi wa kudumu, kwa kuwa mfumo ulioachiwa mwanafunzi wa uzamili huondoka naye. Shapefile, muundo wa zamani wa faili za ramani, isiwe hifadhi kuu: hukata majina ya safu baada ya herufi 10, hivyo «idadi_ya_watu» na «idadi_ya_wagonjwa» yote huanza kwa «idadi_ya_w», na mtumiaji hajui tena ipi ni ipi.

Idara zote zipewe ruhusa ya kusoma, lakini kila tabaka la ramani (kwa mfano barabara au visima) lihaririwe na idara moja tu inayowajibika nalo. Mahali zilipo kaya za wagonjwa pasiwekwe wazi; zijumlishwe kwa kata, kwa kuwa Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nakala rudufu ikae jengo jingine, na kila muhula msimamizi airejeshe kwenye kompyuta tupu ili ahakikishe kwamba inafunguka.