Kabla hujamwachia kijana nyumba ukapanda treni

Likizo ya mwezi wa 6 inakaribia, na wengi wetu hapa Kigoma tutakuwa na safari: msiba Kasulu, arusi Tabora, mzigo Dar es Salaam. Kijana yuko kidato cha tatu, ameanza kuota ndevu, nawe unajiambia siku nne atazimudu. Huenda. Lakini kama ni mtoto wa geti, wa shule na nyumbani tu kama alivyokuwa wa kwangu, soma haya kabla hujakata tiketi.

Umeme: nunua uniti za kutosha, halafu mwache aingize tokeni moja mwenyewe wewe ukiwa umesimama pale. Kumwelekeza kwa mdomo hakutoshi.

Chakula kiwe chakula, kisiwe hela. Mwachie unga, mchele, maharage, dagaa wakavu na mafuta. Ukimwachia noti mkononi, siku ya kwanza ni chipsi na soda, siku ya tatu anakopa dukani kwa jina lako. Hela ndogo ya mboga mpe jirani, awe anampa kidogo kidogo.

Gesi aifunge kwenye mtungi, siyo kwenye jiko peke yake. Mafuta yakishika moto kikaangoni, yawe mawese au ya alizeti, asiyamwagie maji hata kidogo: azime jiko, afunike kwa mfuniko, aache yapoe. Na jiko la mkaa lisiingie chumbani kwa sababu yoyote ile. Hewa yake yenye sumu haionekani wala hainuki, na inaua mtu akiwa usingizini.

Alale ndani ya chandarua. Akipata homa akapime malaria siku hiyohiyo, asisubiri mrudi. Kadi ya bima aijue ilipo.

Pikipiki: safiri na funguo. Mume wangu aliziweka juu ya kabati akidhani amezificha. Jioni ya kwanza tu kijana alikuwa Ujiji, hana kofia, hana leseni, na alirudi na mguu umebabuliwa na ekzosi. Huko ndiko alikokutana na vijana waliomwalika ziwani, kwa hiyo usilione hili kuwa dogo.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Tulikuwa tunakwenda Tabora kwenye arobaini ya mama mkwe. Getini, begi mkononi, nilimwambia mwanangu maneno ambayo mama yeyote angeyasema: "Kaa ndani, usome, na nisisikie jambo." Nikaondoka nikijiona nimemaliza kazi ya mzazi.

Usiku wa tatu ulikuwa wa giza, mwezi haupo, na wakati kama huo ndipo wavuvi wa dagaa hutoka kwa wingi na taa zao. Kwetu Mwanga, ukisimama barazani unaziona zimetapakaa ziwani kama mji mwingine. Mwanangu ameziona tangu anatambaa, na hakuwahi kuzikaribia, kwa kuwa nilimkataza ziwa tangu mdogo. Wale vijana wakamwambia twende ukaone. Akashuka Kibirizi, akapanda mtumbwi wa dagaa akiwa na kaptura na fulana, bila jaketi la kuokolea, na hajui kuogelea. Wavuvi siwalaumu. Aliwaambia mama amemruhusu.

Mtoto aliyezaliwa juu ya mwambao wa Tanganyika hajui kuogelea! Kosa hilo ni langu. Nilimkataza nikadhani nimemfundisha. Hakujua kwamba kiangazi upepo wa kusini unaweza kulichafua ziwa usiku wa manane. Hakujua kwamba ziwa hili, lenye kina cha mita zipatazo 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, sehemu nyingi halikupi nafasi ya kuzoea maji: unaacha ukingo, chini hupaoni tena. Hakujua hata swali la kwanza la kumuuliza nahodha, kwamba majaketi yako wapi.

Saa 8 usiku upepo ukapanda. Wakapandisha wavu harakaharaka, maji yakaanza kuingia, naye akapewa kopo ayachote na kuyamwaga nje. Aliyamwaga huku anatapika. Nahodha hakutaka kugeuka ayapige mawimbi usoni. Akaufuata upepo kwenda kaskazini mpaka kijiji kimoja upande wa Gombe, mahali pa kufikika kwa boti. Walitia nanga alfajiri, wote wazima.

Hapo ungetegemea simu. Simu yake ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, kavu, ina chaji, na mtandao ulikuwepo ukipanda kilimani kidogo. Hakupiga. Tangu alfajiri hadi saa 10 jioni hakupiga, na akaizima nisimpate. Mimi niko Tabora namtafuta, hapatikani. Jirani amekuta kufuli mlangoni na ufunguo wa akiba sikumwachia. Balozi akaitwa, wanaume wakavunja kufuli, kitanda hakijalaliwa. Kisha mtu akampigia mume wangu kumwambia kuna mtumbwi haujarudi Kibirizi. Sitaki kueleza niliishije saa zilizofuata.

Boti ya abiria ndiyo iliyomrudisha. Tulipofika nyumbani nikamuuliza, mwanangu, mbona hukunipigia? Akajibu taratibu, bila ujeuri wowote: "Mama, ulisema usisikie jambo." Alikuwa ananitii.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, acha hayo mengine yote kama muda ni mdogo, hili ulifanye. Mkalishe kijana umwambie kwa kinywa chako: ukikosea, nipigie. Ukiwa mahali nilipokukataza, nipigie hapohapo, hata saa 9 usiku. Kwanza nitakutoa, maneno tutazungumza ukishapona. Mwambie leo, mrudie kesho, kwa sababu mtoto aliyezoea kukemewa hatakuamini mara moja. Kisha mtafutie mtu mzima mmoja asiyemwogopa, maana kuna jambo atashindwa kukwambia wewe hata umbembeleze. Kwetu ni mjomba wake wa Gungu. Mjomba huyohuyo ndiye anayempeleka majini Jumamosi sasa, jaketi mwilini, na ameanza kuelea.

Na chochote ulichokuwa unamkataza bila kumweleza, kiwe ziwa, pikipiki au pombe, mweleze kabla hujasafiri. Wenzake watamweleza wiki hiyohiyo, na watamweleza uzuri wake tu.

Mengine unayajua. Ufunguo wa akiba kwa jirani. Namba ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, zisikae kwenye simu pekee: yako, ya jirani, ya balozi, 112 ya polisi, 114 ya zimamoto, 116 ya msaada kwa watoto. Mtu akija akasema ametumwa na baba achukue televisheni au chochote, geti lisifunguliwe mpaka baba mwenyewe azungumze kwenye simu. Namba ya siri ya kutolea hela asipewe rafiki, hata yule wa darasa moja. Ndoo zijazwe maji. Treni ikishaingia porini mtandao hukatika kwa saa nyingi, basi kubalianeni mapema nani atampitia jioni hiyo, na kabla hujapanda behewa mpigie jirani usikie kwa masikio yako kwamba simu yake inaita.