Namna ya kuandika pendekezo la sera linaloweza kusainiwa

Afisa sera wa wizara akipokea ripoti yako ya kurasa 90, anakwenda moja kwa moja kwenye mapendekezo. Akikuta "Serikali iongeze juhudi za kuwawezesha wanawake", anaifunga. Hoja yako hajaikataa, ila hana la kuifanyia. Mwongozo huu nimewaandikia vijana wanaoanza kazi kwenye taasisi za utafiti wa sera hapa Dar es Salaam. Ninachowaomba ni kimoja: pendekezo lionyeshe ni maneno gani yabadilike, kwenye waraka upi, nani asaini, na fedha zitoke fungu gani.

Nitatumia mfano wa mikopo ambayo halmashauri huvipa vikundi kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Hatua ya 1: Chagua uamuzi

Uwezeshaji wa wanawake ni mada tu. Kikundi kiwe na wanachama wangapi ndipo kikopeshwe, huo ni uamuzi: kuna aliyeuamua, na anaweza kuuamua upya. Tuseme umesikia kwamba mama lishe wa Tandale na Buguruni wanaandikisha majina ya shangazi na majirani ili tu idadi itimie. Hapo una swali la kufanyia kazi.

Hatua ya 2: Tafuta uamuzi huo umeandikwa wapi

Watafiti wengi wanairuka hatua hii, na ndiyo inayoua mapendekezo mengi.

Sharti la kutenga asilimia 10 liliingizwa mwaka 2018 kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Kuligusa ni kazi ya Bunge: muswada, kamati, kusomwa, saini ya Rais. Lakini idadi ya wanachama wa kikundi imo kwenye kanuni, na kanuni husainiwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Ukiandika "sheria irekebishwe" wakati kilichotakiwa ni kanuni, umempeleka msomaji wako njia ndefu bila sababu. Kuna mengine hayahitaji hata kanuni. Ada kwenye sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, ziliondolewa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015.

Kwa hiyo soma sera, sheria, kanuni, miongozo na nyaraka kwa mpangilio huo, mpaka ukute sentensi yenyewe. Inakili neno kwa neno. Chini yake andika sentensi unayotaka ikae mahali pake. Kama huwezi kuiandika, pendekezo lako bado halijaiva. Na uangalie toleo la sheria: sasa tuna Toleo la Marejeo la 2023, hivyo usinukuu namba ya kifungu kutoka nakala ya zamani.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi unaojibu swali hilo tu

Vibali kwanza. Uliza taasisi yako kuhusu kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ukigusa afya, utahitaji pia idhini ya maadili, na hapo NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, inahusika. Kisha barua: ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, halmashauri, mtendaji wa kata, mtaa. Usiruke ngazi, kwani mtendaji wa mtaa aliyepitwa ana haki ya kukuuliza umetumwa na nani.

Kabla hujachapa dodoso, omba kukaa na afisa maendeleo ya jamii akufungulie jalada moja la maombi: katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, orodha ya wanachama, barua ya mtendaji, taarifa za akaunti ya benki. Angalia saini kwenye orodha ya wanachama. Zikifanana mwandiko, umeshapata swali la kuuliza mtaani ambalo usingelipata ofisini kwako Mikocheni. Kisha nenda kwa akina mama wenyewe, saa za alasiri chakula kikiwa kimeisha. Asubuhi usimsumbue mtu mwenye sufuria jikoni.

Takwimu zako ziambatane na maelezo ya namna ulivyozipata. Sheria ya Takwimu ya 2015 ilikazwa mwaka 2018 na kulegezwa 2019, lakini hata bila sheria, afisa anayetetea hoja yako mbele ya mkurugenzi anahitaji kujua sampuli ilichaguliwaje.

Hatua ya 4: Pima kama linatekelezeka

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa watafiti wa afya wa Ifakara, mkoani Morogoro. Miaka ya 1990 walisambaza vyandarua kwa bei nafuu Kilombero na Ulanga, na wakaonyesha kwamba uhai wa watoto wadogo waliovitumia uliongezeka kwa asilimia 27. Mwaka 2004 taifa likaanza Hati Punguzo: mjamzito anapewa hati kliniki, anakwenda nayo dukani kununua chandarua kwa punguzo. Tazama walivyotumia vilivyokuwepo. Kliniki tayari ilikuwa inawapokea wajawazito, na duka lilikuwa tayari mtaani. Hakuna idara mpya iliyolazimika kuzaliwa.

Ujiulize hayohayo. Nani atafanya kazi ya ziada, na anaiweza? Kuna nini kilichowahi kukwama? Mikopo hii ilisitishwa Aprili 2023 baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Ukipendekeza vikundi vidogo bila kueleza marejesho yatalindwaje, utaulizwa swali hilo la kwanza, na ni haki yao kuuliza.

Hatua ya 5: Andika kurasa mbili

Ndani ya wizara mambo husafiri kwa dokezo, yaani maelezo mafupi ya kuombea uamuzi, kutoka kwa afisa hadi mkurugenzi, kisha katibu mkuu. Andika ili afisa aweze kunyanyua aya zako na kuziweka kwenye dokezo bila kuzitafsiri: tatizo, sentensi ya sasa, sentensi inayopendekezwa, gharama, hatari. Andika kwa Kiswahili. Ripoti ndefu ibaki kiambatisho.

Hatua ya 6: Fuata kalenda

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili. Ukileta pendekezo lenye gharama mwezi Mei, umechelewa. Halmashauri huwa zimeshaandaa makisio miezi kadhaa nyuma, kwa hiyo kutana nao mwishoni mwa mwaka wa kalenda. Muswada ukifika kamati ya Bunge, wadau hualikwa kutoa maoni, na mwaliko huja ghafla. Weka kurasa zako mbili tayari, na nauli ya treni ya Dodoma pia.

Hatua ya 7: Baada ya saini

Kanuni mpya zikichapishwa kwenye Gazeti la Serikali, zisome mstari kwa mstari ukizilinganisha na rasimu yako. Kisha rudi kwa afisa maendeleo ya jamii aliyekufungulia jalada, uone kama zimemfikia. Kama hazijamfikia, mpelekee nakala, na nyingine umpe mtendaji wa kata.