Tapas za Kihispania nyumbani Bukavu, bila kufungiwa jikoni

Mara ya kwanza kualika marafiki kwa tapas, vile vyakula vidogo vidogo vya Wahispania, karibu saa mbili ya usiku shemeji yangu alipangusa mikono, akaangalia upande wa jikoni, akauliza, "Sasa chakula inakuja saa ngapi?" Alikuwa ameshakula vipande vitano vya tortiya (mayai yaliyopikwa na pomdetere, yaani viazi), sambaza, samaki wadogo wa ziwa Kivu, karibu sahani nzima na mikate sijui mingapi. Kwake yote ile ilikuwa ya kufungua mdomo tu, chakula ni bugali.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haiko hata ya kupika.

Hatua ya 1: waambie watu mapema. Kwenye WhatsApp andika wazi kwamba tutakula vitu vidogo vidogo, kila mtu anajichukulia mwenyewe, tunaanza saa kumi na moja. Kule Hispania wenyewe wanakula usiku sana, saa tatu saa nne ndio wanakaa mezani, lakini hapa saa ile mgeni wa mtaa wa Panzi anawaza tu atapata wapi motari wa kumrudisha. Tapa maana yake ni kifuniko, wanasema zamani mtu alifunikia gilasi yake kipande cha mkate au nyama, na mpaka leo mji kama Granada ukiagiza kinywaji wanakuletea tapa bure.

Hatua ya 2: soko. Kwa watu wanane mimi nanunua pomdetere kilo moja, mayai 10, matungulu matatu, nyanya nane zilizoiva mpaka zinalegea, vitunguu saumu vichwa viwili, bagueti nne, sambaza mbichi kilo moja na nusu, farini nusu kilo, ndimu, mafuta litre mbili na fromaji moja ya Masisi, ile ya duara. Mafuta ya zeituni chupa ndogo inatosha, ni ya kumwagia mkate tu, ukikaangia nayo utajuta bei. Na kabla ya kupanga siku angalia mwezi kwanza, niko serious kabisa: wavuvi wetu wanavua sambaza usiku kwa taa, sasa mwezi ukiwa mkubwa samaki hawafuati taa vizuri, asubuhi sokoni zinakuwa chache na bei inaruka.

Hatua ya 3: tortiya, unaipika mchana. Hii ndio unapaswa kuipa muda wako wote. Kata pomdetere vipande vyembamba, matungulu pia (Wahispania wanagombana mpaka leo kama tungulu inaingia ama haiingii, kwangu inaingia), tia chumvi, weka kwenye mafuta mengi ya kuzifunika lakini moto mdogo. Hatufanyi chipsi. Kama unapikia mbabula vuta makala pembeni, zingine zifunike na majivu, mafuta yatoe mapovu madogo madogo kama yanaongea polepole. Baada ya dakika 20 hivi, ukigusa kipande na kijiko kinavunjika bila kubishana, basi chuja, na yale mafuta usimwage, utakaangia sambaza. Piga mayai, changanya na pomdetere zikiwa bado za moto, acha dakika 15 zinywe yai. Gawa mara mbili, kikaango kidogo, mafuta kidogo, dakika nne ama tano. Katikati ikiwa bado inatikisika, funika na sahani kubwa kuliko kikaango, shika kwa nguvu, geuza mara moja bila kuwaza, kisha telezesha irudi upande wa pili dakika mbili. Ya kwangu ya kwanza nilisita katikati, nusu ikaenda kwenye makala, nyumba nzima ikanuka yai wiki nzima. Inaliwa ikiwa imepoa, na ndio uzuri wake.

Hatua ya 4: fromaji. Kata pembe tatu nyembamba, juu weka konfitiri ya mapera. Wenyewe wanaweka membrillo, tunda lililopikwa na sukari mpaka linakatwa na kisu, mapera yanakaribia sana. Imeisha.

Patatas bravas, pomdetere za kukaanga na sosi ya pilipili, nimeziacha, pomdetere za tortiya zinatosha.

Hatua ya 5: mkate, wageni wakiwa wameshafika. Ni ya Katalonia hii, jimbo la Hispania. Choma vipande kwenye makala, kwangua na saumu mbichi, kata nyanya katikati uisugue juu mpaka ibaki ganda tu mkononi, mafuta ya zeituni, chumvi. Usitangulize, mkate utalowa.

Hatua ya 6: sambaza, za mwisho, mbele ya watu. Kule Málaga wanafanya hivi na boquerones, samaki wa baharini wa kimo hicho hicho. Sambaza zetu nazo ni wageni, zililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950. Zioshe haraka, zikaushe na kitambaa, kabisa kabisa, maana maji ndio yanafanya farini igandamane. Chumvi, farini peke yake, hakuna yai hakuna maziwa, tikisa kwenye chujio ili unga wa ziada uanguke. Mafuta ya moto sana, chache chache, dakika mbili ama tatu. Ukizitoa usizifunike, zitalegea. Kamulia ndimu. Watu watasimama karibu na wewe wanakula kutoka kwenye karatasi, na hapo ndio unapiga stori badala ya kukaa peke yako jikoni.

Kinywaji: divai nyekundu nusu, limonadi nusu, barafu, wanaiita tinto de verano, hapo hauhitaji divai ya bei. Wasiokunywa, juisi ya marakuja.

Na shemeji siku hizi hasemi kitu. Kuna kasufuria ka bugali nyuma ya mbabula, anajua pa kukapata.