Ukiogopa maji na riziki yako iko melini

Nilipokuwa na miaka 26 nilikuwa na cheti cha upishi, pasipoti mpya na ahadi ya kazi jikoni kwenye meli ya watalii. Kilichobaki ni mafunzo ya usalama. Chini ya mkataba wa kimataifa wa mabaharia, STCW wa 1978, unatakiwa uruke majini kutoka juu ukiwa na jaketi la kuokolea, uogelee nalo, uligeuze boti la mpira lililopinduka, kisha uelee bila jaketi. Nilipanda mpaka juu, nikatazama chini, magoti yakaanza kutetemeka. Waliokuwa nyuma yangu wakawa wananipita mmoja mmoja. Mwisho nikashuka kwa ngazi. Wenzangu wakasafiri, mimi nikarudi Majengo, Mombasa, kukaanga viazi karai kwa miaka miwili mingine.

Mimi ni mzawa wa kisiwa hiki. Tumezungukwa na maji kila upande, na wengi wetu tunayajua kwa kuyatazama tukiwa juu ya feri ya Likoni tu. Siku hizi nafundisha watu wazima kuogelea Bamburi, Jumamosi asubuhi. Wanaokuja wengi ni vijana wanaotafuta kazi ileile iliyonipita. Haya nawaandikia wasioweza kufika.

Kwanza uelewe hofu inavyokufanya, maana majini inaonekana wazi kuliko popote. Ukiogopa, shingo hukakamaa na kichwa huinuka. Kichwa kikiinuka, kiuno na miguu hushuka. Unavuta pumzi fupifupi, huzitoi, na kifua kinabana ukadhani hewa imekwisha, kumbe imejaa. Basi unazama kwa lile ulilolifanya ili usizame. Anayelaza kichwa, masikio ndani ya maji, macho juu, mapafu yamejaa, maji ya chumvi humbeba.

Anza nyumbani, na beseni. Lijaze maji, liweke mezani, uketi, na mtu mwingine awepo karibu. Vuta pumzi, zamisha uso mpaka karibu na masikio, puliza kwa pua polepole mpaka mapovu yaishe, kisha inuka. Fanya mara 10 kila jioni, wiki nzima. Wengi hulidharau beseni, na hapo ndipo ninapowashikilia. Uso ukizama pumzi ikiwa imezuiwa, mapigo ya moyo hupungua yenyewe. Ndivyo tulivyoumbwa, na maji yakiwa baridi hupungua zaidi.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, dada fundi cherehani, aliyeahidiwa kazi ya kutunza nguo melini. Aliweka leso iliyokunjwa kando ya beseni, na kila akiinua uso alijifuta, macho kwanza, kisha mdomo, kisha macho tena. Siku tatu hakusogea hata kidogo. Nikamwomba leso aiache chumba cha pili. Siku ya nne maji yalimtiririka mashavuni, akayaacha, akainama tena kabla hayajakauka. Kujifuta kule ndiko kulikokuwa njia yake ya kukimbia, na hakuwa anajua.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Joseph Wolpe, daktari wa akili wa Afrika Kusini, aliandika mwaka 1958 juu ya kuitibu hofu ngazi kwa ngazi, kuanzia kwenye dogo. Mimi nakwambia nililojifunza kwa hasara: ukikimbia hofu ikiwa kileleni, ile nafuu unayoipata inaufundisha mwili kukimbia tena. Bado nakumbuka raha niliyoisikia nilipofika chini ya ile ngazi. Raha hiyo ndiyo iliyonifungia mlango miaka miwili. Kwa hiyo popote ulipofika, kwenye beseni au baharini, baki papo hapo mpaka hofu ishuke, ndipo utoke.

Ukienda baharini, chagua siku. Kwetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea kama dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na maji hukimbia kwa nguvu. Ngoja maji mafu, yaani siku ambazo tofauti hiyo ni ndogo, nenda asubuhi, na kama unaweza anza msimu wa kaskazi, kusi ina mawimbi. Simama penye maji ya kiuno, upande wa ndani wa mwamba, na mtu anayejua kuogelea aweke kiganja chini ya kisogo chako ulale chali. Wavuvi watakuonyesha milango ya mwamba ambako maji hutoka kwa kasi. Hofu ya pale usiiondoe, inakulinda. Na anayekwambia atakutupa ili ujue, mkatae. Nimewapokea wengi waliotupwa utotoni, na kazi yao huwa ndefu maradufu.

Kuruka ujifunze bwawani, na mwalimu, jaketi limefungwa sawasawa. Siku ya kwanza ukingoni, kisha juu kidogo. Mkono mmoja uzibe pua na mdomo, mwingine ulishike jaketi kwa nguvu lisije likapanda shingoni. Viwiko karibu na mwili. Macho mbele, kwenye upeo, maana ukitazama chini kichwa hukuvuta. Piga hatua moja ndefu, kisha uikutanishe miguu.

Ukiwa pale juu usijiambie "tulia", moyo hautatii. Alison Wood Brooks, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, alionyesha mwaka 2014 kuwa waliojiambia wana hamu, kabla ya kuimba au kuhutubia, walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Moyo unadunda vilevile katika hofu na katika hamu. Mimi nawaambia vijana waseme kwa sauti: "Nimepandwa na mori." Dada yule alilisema mara tatu, la tatu akiwa hewani.

Alipoibuka aliogelea mpaka kwenye ngazi, akatoka, akaelekea kwenye taulo. Nilikuwa nimeishika mimi, nyuma ya mgongo. Akanitazama, akaelewa, akapanda tena huku anachuruzika maji.