Mkato kwenye SAT: hesabu sentensi kwanza

Mpwa wangu anajiandaa na SAT, mtihani wa Kiingereza na hesabu wa kuombea vyuo vya Marekani, na kila tukisahihisha majaribio yake, alama zinapotelea kwenye mkato (,). Sasa tunafanya hivi.

1. Pakua Bluebook, programu ya College Board, wenye mtihani wenyewe, ufanyie mazoezi humo. Ni bure. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64. Vitabu vya enzi za mtihani wa karatasi viache, maswali yake yana sura nyingine.

2. Soma sentensi nzima kabla ya kutazama majibu.

3. Hesabu vishazi huru, yaani sehemu zinazoweza kusimama zenyewe kama sentensi. Kazi yote iko hapa. Kwa Kiswahili tunaandika "Mvua imekatika, barabara bado imejaa maji" na hakuna anayelalamika. Ukiandika "The rain stopped, the road stayed flooded", umekosa: kila upande una kiima na kitenzi chake. Weka nukta, au nukta-mkato, au mkato pamoja na "and", "but", "so" na ndugu zao.

"However" si ndugu yao! "The rain stopped, however, the road stayed flooded" bado ni kosa. Kabla ya "however" hapo weka nukta-mkato. Usidharau "it" wala "they", nazo ni viima kamili: "The dam broke, it flooded the farms" ni sentensi mbili. Lakini "The dam broke, flooding the farms" ni sahihi, maana upande wa pili hauna kiima. Na sentensi ikianza na "although", mkato mmoja unatosha.

Majibu mawili yakitofautiana kwa nukta na nukta-mkato tu, yafute yote mawili, kwani kati ya vishazi huru alama hizo hufanya kazi moja. Isipokuwa kwenye orodha ndefu. Huko nukta-mkato ina kazi yake.

4. Maelezo ya ziada katikati yanataka mikato miwili: "The baobab, which stores water in its trunk, survives long droughts."

5. Usitenganishe kiima na kitenzi kwa mkato mmoja. "The teachers at the new school near the market, want more books" ni kosa, hata kama kiima kimekukata pumzi. Ile kanuni ya kuweka mkato kila unapovuta pumzi siipendi kabisa; hapa ndipo inapowaponza wengi.