Ujiji kwa siku moja: tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Wageni wengi wakifika Kigoma hukimbilia Ujiji, hupiga picha penye mnara wa mvumbuzi Livingstone, na robo saa baadaye wako kwenye bajaji kurudi mjini. Huko ni kuipunja Ujiji. Ipe siku nzima, na uichague kwa kutazama mwezi.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haziwavuti vizuri, na wavuvi wengi hupumzika. Ukija mwezi mpevu utakuta mitumbwi imelala na vichanja vya kuanikia vitupu. Njoo siku za giza, hasa mwishoni mwa kiangazi, Septemba, dagaa wanapokauka haraka.

Saa kumi na mbili asubuhi uwe kwenye mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo mwa mji wa Kigoma. Mzigo ukishushwa, kaa pembeni usizuie njia. Salimia, na omba ruhusa kabla ya kutoa simu kupiga picha. Ukitaka kununua, uliza dagaa walianikwa wapi. Wa kwenye kichanja ni ghali kidogo, lakini wa mchangani hukwaruza meno hata ukiwaosha mara tatu. Mchukue mmoja umvunje: aliyekauka hukatika, tumbo likiwa zima. Akipinda bado ana maji, na atakuharibikia njiani.

Kisha panda daladala kwenda Ujiji, kilomita kama nane. Beba kitambulisho, kwa sababu kiingilio cha raia na cha mgeni si kimoja. Ndani ya makumbusho kuna sanamu za Livingstone na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, wakisalimiana, kama walivyokutana hapa mwaka 1871. Mwembe ambao inasemekana walikutania chini yake ulikufa. Iliyopo nje inasemekana ni vizazi vyake. Wengi hushangaa kuona ziwa liko mbali. Enzi hizo maji yalikuwa juu zaidi, yakaanza kushuka Mto Lukuga, unaotoa maji ziwani upande wa Kongo, ulipozibuka mwaka 1878. Shuka kwa miguu hadi ufukweni uone yalivyorudi nyuma.

Mwongozaji akiishia kwa Wazungu hao wawili, mwombe akueleze njia ya misafara: Ujiji, Tabora, Bagamoyo, pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walipofika mwaka 1858, waliukuta mji huu ukifanya biashara. Hiyo ndiyo habari kubwa ya Ujiji, na inastahili saa nzima ya maswali.

Ujiji ni mji wa Waislamu wengi, kwa hiyo vaa nguo za heshima. Mchana kula mgebuka, samaki wa ziwa hili, kwa ugali wa muhogo. Mwezi wa Ramadhani usitegemee kupata mgahawa wazi kabla ya magharibi.

Mawese ya kupeleka nyumbani nunua mwisho. Usijaze dumu hadi mdomoni, maana joto la basi huyatanua yakavuja. Weka nailoni chini ya kifuniko, kaza, lisimamishe wima, mbali na nguo: doa la mawese halitoki.